Nyama na wali kila siku: mbona miguu ya mbwa wangu inapinda?

*"Daktari, shikamoo. Nina mbwa dume wa miezi mitano, ana kilo 9. Chakula cha mfuko alikuwa akikichaguachagua, nikakiacha. Huu ni mwezi wa pili namchemshia nyama ya kusaga na wali, bila chumvi wala viungo, na anakula mpaka analamba bakuli. Mifupa ya kuku inayobaki mezani anapata pia. Miguu ya mbele naona kama imeanza kwenda matege na siku hizi hataki kupanda ngazi, ila mume wangu anasema ni kukua tu. Kinachonitia hofu hasa ni kwamba juzi mwanangu alimpa zabibu tatu, na nimesikia ni sumu. Naomba unieleze vyakula vya hatari kwa mbwa, na nifanye nini asiugue."*

Marahaba, mama. Zabibu nitazifikia, lakini niruhusu nianze na miguu. Katika barua yako yote, hilo la matege na ngazi, ulilolipitia haraka, ndilo linalonifanya nikuambie umpeleke mbwa kwa daktari wa mifugo kesho, si wiki ijayo. Zabibu zimekutisha kwa sababu zinasemwa sana. Nyama na wali havimtishi mtu, tena vinapikwa kwa upendo, na mbwa anavifurahia. Watoto wa mbwa wanaolemaa mifupa kwa chakula cha namna hiyo si wachache.

Tatizo ni hili. Nyama isiyo na mfupa ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno. Mtoto wa mbwa anahitaji takribani gramu 3 za kalsiamu katika kila kilokalori 1,000 anazokula. Nyama ya kusaga na wali vya kiasi hicho, uvichanganye kwa kipimo chochote, havifikishi miligramu 100. Anahitaji 3,000, anapata chini ya 100. Sasa damu haiwezi kukaa bila kalsiamu, maana moyo na misuli huitegemea wakati wote. Kwa hiyo tezi nne ndogo zilizo shingoni hutoa homoni inayoamuru kalsiamu ichotwe mifupani. Mifupa inageuka akiba inayotolewa kila siku bila kurudishiwa kitu. Ndiyo maana kipimo cha kalsiamu ya damu kinaweza kutoka sawa kabisa, huku eksirei ikionyesha mifupa iliyokonda. Mbwa wa aina hiyo huanza kwa kukataa kuruka, kisha hulia akibebwa, miguu hupinda, na siku moja anaruka kutoka kwenye kiti kifupi na mfupa unavunjika.

Sijamwona mbwa wako, na matege yana sababu nyingine: kuna wanaozaliwa na miguu ya kupinda kwa asili ya mbari yao, na kuna walioumia sehemu ile ya mfupa inayokua. Eksirei ndiyo itakayosema. Mpaka hapo, asipande wala kushuka ngazi, asikimbizane na watoto, na kama sakafu inateleza mtandikie kitu. Dawa za maumivu za binadamu msimpe hata kidogo. Ibuprofeni na diklofenaki hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo kwa vipimo ambavyo kwetu ni vya kawaida, na parasetamoli ikizidi huharibu ini na damu. Nasema hivi kwa sababu mbwa anayechechemea humfanya mtu afungue sanduku la dawa la nyumbani, na mara nyingi dawa hiyo humletea ugonjwa mbaya kuliko ule wa mguu.

Wala usikimbilie kumjazia kalsiamu ya vidonge. Utumbo wa mtoto wa mbwa hauna uwezo mzuri wa kukataa ziada. Kinachoingia kwa wingi hufyonzwa kwa wingi, na kwa mbwa wa mbari kubwa kalsiamu iliyozidi nayo hupotosha mifupa. Na kuna wanaomwanika mbwa juani ili apate vitamini D. Haisaidii. Ngozi ya mbwa haitengenezi vitamini D ya kutosha kama yetu. Sharti aipate katika chakula.

Habari njema ni kwamba, kama hakuna kilichovunjika, chakula sahihi hufanya sehemu kubwa ya kazi. Maumivu hupungua ndani ya wiki chache na mfupa hujijenga upya. Kilichokwisha kupinda sana, hata hivyo, huenda kisinyooke chote, ndiyo sababu ya haraka yangu.

Basi ale nini? Ushauri wangu kwa mbwa huyu, kwa umri huu, ni kumrudisha kwenye chakula kilichotengenezwa kiwandani kwa ajili ya watoto wa mbwa. Soma mfuko. Tafuta maneno yanayosema ni chakula kamili, na kwamba ni cha ukuaji au cha hatua zote za maisha. Kilichoandikwa kuwa ni cha nyongeza, au ni cha mbwa wazima tu, kiache dukani. Kama atakuwa mbwa mkubwa wa kilo 30 na zaidi, mfuko useme kwamba kinafaa kwa watoto wa mbari kubwa, maana kiwango cha juu cha kalsiamu kwao ni kidogo zaidi. Picha ya kipande cha nyama kinachong'aa mbele ya mfuko haikuambii lolote. Viambato huandikwa kwa kufuata uzito, na nyama mbichi hupanda juu ya orodha kwa sababu imejaa maji. Ukitaka kulinganisha chakula cha kopo na cha punje, toa maji kwanza: kopo lenye protini asilimia 8 na maji asilimia 78 lina protini asilimia 36 ya kilicho kikavu, na mfuko wa punje wenye protini asilimia 24 na maji asilimia 10 una kama asilimia 27. Kilichoonekana kidogo ndicho kikubwa.

Kiasi nacho usikisie kwa bakuli. Chukua kalkuleta: 9 mara 9 mara 9 ni 729. Tafuta kipeuo cha pili, unapata 27. Tafuta tena kipeuo cha pili, unapata 5.2. Zidisha kwa 70. Hizo 364 ni kilokalori ambazo mwili wa kilo 9 hutumia ukiwa umetulia. Mbwa wa miezi mitano anayekua anahitaji kama mara mbili yake, yaani takribani 730 kwa siku. Punje zenye kilokalori 370 kwa gramu 100 zitatoka karibu gramu 200, zigawe mara tatu mpaka afike miezi sita, kisha mara mbili kwa siku maisha yake yote. Pima kwa mizani ya jikoni, na rudia hesabu kila wiki mbili maana uzito wake unabadilika. Akishakuwa mbwa mzima na amehasiwa, kilokalori za mwili uliotulia utazizidisha kwa 1.6 hivi, si kwa 2.

Umesema anakichaguachagua. Anza kwa kuchanganya robo ya punje na robo tatu za chakula alichozoea, ongeza kidogo kidogo, na ndani ya siku 7 uwe umemaliza. Zimwagie maji ya uvuguvugu zitoe harufu. Weka bakuli, mpe dakika 20, kisha liondoe bila kubembeleza wala kuongeza kitu kitamu juu. Mbwa akijua kwamba akisusa analetewa nyama, atasusa. Mlo mmoja kuukosa hakumdhuru, lakini mtoto wa mbwa akikataa kula siku nzima hilo si deko tena, mpeleke akaangaliwe.

Najua wako watakaoniuliza kama nina ugomvi na chakula cha kupika. Sina. Na wali si kosa: mwaka 2013 watafiti walichapisha katika jarida la Nature kwamba mbwa, tofauti na mbwamwitu, ana nakala nyingi za jeni ya kimeng'enya kinachovunja wanga, kwa hiyo tumbo lake linajua kazi hiyo. Shida ni ukamilifu. Mwaka huohuo, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis walipima mapishi 200 ya chakula cha mbwa cha nyumbani, na asilimia 95 yalipungukiwa na angalau kirutubisho kimoja cha lazima. Mengi yalikuwa yameandikwa na watu wenye nia njema, hata madaktari. Ganda la yai lililosagwa laini ni chanzo kizuri cha kalsiamu, moja lina kama gramu 2, lakini halileti zinki, shaba, iodini, vitamini D wala E. Ukitaka kupika, tafuta daktari wa mifugo aliyesomea lishe akuandikie pishi la mbwa wako mwenyewe pamoja na unga wake wa madini na vitamini, kisha ulifuate kwa gramu, bila kubadili maini kuwa nyama au mafuta haya kuwa yale. Kwa mbwa mzima mwenye afya jambo hilo linawezekana kabisa. Kwa mwenye miezi mitano na miguu inayopinda, mimi nisingejaribu.

Nyongeza na vitamu vya mafunzo visizidi asilimia 10 ya kilokalori za siku. Kwake ni kama 73, na yai moja la kuchemsha linaimaliza hiyo posho. Unene unadharauliwa kwa sababu haupigi kelele. Utafiti wa Purina, kampuni ya chakula cha wanyama, uliochapishwa 2002 uliwafuatilia mbwa 48 wa aina ya Labrador tangu wakiwa wadogo, wawili wawili: mmoja alikula, mwenzake akapewa robo pungufu ya alichokula huyo. Waliopunguziwa waliishi karibu miaka 2 zaidi, na maumivu ya viungo yaliwafika wakiwa wamechelewa sana. Pitisha vidole ubavuni: mbavu uzihisi kwa urahisi bila kukandamiza, na ukimtazama kwa juu uone kiuno.

Maji safi yawepo saa zote. Maziwa hayahitaji, wengi wakishaachishwa kunyonya hupungukiwa na uwezo wa kuyasaga, na matokeo yake utayaona sakafuni.

Mifupa ya kuku iishe leo. Mfupa uliopikwa hukauka na kupasuka vipande vyenye ncha, na vipande hivyo hukwama kooni, hutoboa utumbo, au hujikusanya nyuma na kumfanya ashindwe kujisaidia. Akiwa amekwisha kuumeza, usimtapishe, maana ncha itapita kooni mara ya pili. Mwangalie siku tatu: akitapika, akikataa kula, tumbo likiwa gumu, au kinyesi kikiwa na damu, nenda. Watu huniambia mfupa mbichi ni salama. Haupasuki vivyo hivyo, ni kweli, lakini mgumu huvunja jino kubwa la kusagia la juu, na nyama mbichi huweza kuja na bakteria ya salmonela, ambayo mbwa anaweza kuitoa kwenye kinyesi bila yeye kuugua. Wewe una mtoto mdogo nyumbani.

Sasa zabibu. Ni kweli, mbichi na kavu zote zinaweza kuua figo za mbwa. Ajabu yake ni kwamba mmoja anakula kikombe asidhurike na mwingine anakula chache akaugua. Tangu 2021 wataalamu wa sumu wanaelekeza kidole kwenye asidi ya tartariki, ambayo kiasi chake hutofautiana sana kati ya tunda na tunda. Kwa hiyo hatuna idadi ya kukuambia kwamba hii ni salama. Kwa kawaida kutapika huanza ndani ya siku moja, na figo huonyesha kuharibika kati ya saa 24 na 72. Kama siku tatu zimepita naye anakula, anakunywa na anakojoa kama kawaida, nafasi ya kuwa amepona ni kubwa. Lakini kwa kuwa unampeleka kwa ajili ya miguu, omba figo zipimwe katika damu hiyohiyo. Na siku nyingine ikitokea, usingoje dalili: saa mbili za kwanza ndizo ambazo daktari anaweza kumtapisha na kuitoa sumu kabla haijaingia mwilini.

Katika vingine, ninachokiogopa zaidi ni zailitoli, sukari ya badala inayowekwa kwenye chingamu zisizo na sukari, baadhi ya dawa za meno, na hata baadhi ya siagi za karanga. Kwenye maandishi ya kopo huweza kujificha kama E967. Kongosho la mbwa huidhania kuwa ni sukari na kumwaga insulini. Ndani ya nusu saa hadi saa moja sukari ya damu inaporomoka, anayumba na kuanguka. Gramu 0.1 kwa kilo inatosha, yaani kwa mbwa wako haifiki gramu moja, na hiyo inaweza kuwa chingamu chache tu. Ikizidi gramu 0.5 kwa kilo, ini liko hatarini.

Chokoleti inategemea rangi. Sumu yake ni theobromini, ambayo mwili wa mbwa huiondoa polepole sana. Dalili nyepesi, kutapika na kuhangaika, huanza kwenye miligramu 20 kwa kilo, na degedege karibu na 60. Ya maziwa ina kama miligramu 2 kwa gramu, nyeusi 5 na kuendelea, na unga wa kakao unaweza kupita 20. Kwa kilo 9, kinachoanza kumsumbua ni kama gramu 90 za ile ya maziwa, 36 za nyeusi, lakini chini ya gramu 9 za kakao. Kipande kidogo kilichodondoka sherehe ya mtoto hakimuui; kopo la kakao lililoachwa mezani ni jambo jingine.

Vitunguu, cha maji na saumu, viwe vibichi, vimepikwa au vya unga, huvunja chembe nyekundu za damu. Hapa mtego ni mchuzi wa mabaki. Hamna kipande cha kitunguu kinachoonekana, na ugonjwa hauji siku hiyo bali baada ya siku kadhaa: ufizi unapauka, mkojo unakuwa mweusi, mbwa hana nguvu. Mabaki yenye mafuta mengi nayo huwasha kongosho, maumivu yake si mchezo. Kwenye orodha hiyo ya hatari ongeza karanga za makadamia, pombe, unga mbichi uliotiwa hamira, na nafaka zilizoota ukungu, ambazo aflatoksini yake huua ini. Nafaka hizo usimpe mbwa kwa kisingizio kwamba binadamu hawezi kula tena.

Sumu ya panya mara nyingi huonyesha dalili siku 3 hadi 5 baadaye, damu ikiwa imekataa kuganda. Ukijua ameila, hata akiwa anacheza, nenda na pakiti yake. Tiba ipo, vitamini K1, na ikianza mapema hufanya kazi vizuri.

Akila sumu, msimnyweshe maziwa kwa imani kwamba yanaivunja. Hayaivunji. Chumvi ya kumtapisha ni mbaya zaidi, kwa kuwa yenyewe inaweza kumuua, na mafuta ya kula huweza kuingia mapafuni. Mpigie daktari, umwambie kilicholiwa, kiasi, saa, na uzito wa mbwa.

Kuhusu kinga, nadhani mengi unayajua. Chanjo ya distempa, parvo na homa ya ini hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka afike wiki 16, kwa sababu kinga aliyonyonya kwa mama yake huizuia chanjo isishike na hatujui imeisha lini. Aliyechanjwa mara moja akiwa na wiki 8 akaachiwa hapo hajakamilisha. Chanjo ya homa ya mgunda (leptospirosisi) huongezwa pale ugonjwa huo unapopatikana. Ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia wiki 12 na kurudiwa baada ya mwaka. Hiyo isiwe na mjadala, kwani karibu binadamu wote wanaoupata ugonjwa huo huupata kwa mbwa, na dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Mtoto aking'atwa na mbwa yeyote, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, ndipo hospitali.

Dawa ya minyoo kwa umri wake ni kila mwezi mpaka miezi sita, kisha kila miezi mitatu. Minyoo ya mviringo humwingia mtoto wa mbwa angali tumboni mwa mama yake, kwa hiyo usafi wa nyumba yako hauihusu. Mayai yake kwenye kinyesi huchukua wiki mbili au zaidi kuweza kuambukiza, ndiyo maana kuzoa kinyesi kila siku kunamlinda mwanao kuliko dawa yoyote ya kunyunyizia. Ukiona vitu kama punje za wali karibu na mkia wake, huyo ni tegu aliyeletwa na viroboto, na utalazimika kutibu vyote viwili. Dawa ya kupe na viroboto iwe ya mbwa na ya uzito wake. Ivermektini ya ng'ombe ni kali kupita kiasi cha kukisia kwa sindano, na kama mna paka, dawa ya mbwa yenye permethrini inaweza kumuua paka anayelala naye.

Meno ya utoto yanaendelea kudondoka sasa, usishtuke ukiona tone la damu kwenye kamba anayotafuna. Mzoeshe mswaki, kwa dawa ya meno ya mbwa, si yenu.

Kesho ukienda, beba mfuko wa kile chakula cha zamani kama bado upo, andika kwa gramu anachokula kwa siku, chukua kinyesi cha asubuhi kwenye kikopo kisafi na kadi yake ya chanjo. Kabla hamjatoka, mpige video akitembea kuja kwako na kuondoka, kisha akisimama mbele ya ngazi. Mbwa wakifika kliniki hupatwa na wasiwasi na kuficha kuchechemea, na daktari atahitaji kuona anavyotembea akiwa nyumbani.